Maji Yapewe Njia: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Mazda MX-5 Isilowe Ndani

Tone la kwanza liliniangukia gotini, goti la kulia lililo jirani na mlango, nikiwa kwenye foleni ya Sakina jijini Arusha. Nililifuta tu. Asubuhi yake nilipovuta siti mbele nikakuta kapeti la nyuma limelowa chapachapa, na mkono nilioutia chini yake ulitoka na maji yenye harufu ya majani yaliyooza. Fundi wa kwanza niliyempelekea gari alichukua tyubu ya silikoni akapaka kila ufa ulioonekana kwa jicho, kuanzia kona ya kioo hadi ukingo wa turubai, yaani lile paa laini linalokunjwa. Mvua iliyofuata maji yalizidi, kwa sababu hata njia chache zilizokuwa zikiyatoa nje zilikuwa zimeshazibwa.

Hapo ndipo nilipoanza kulisoma gari langu kwa makini, na nililojifunza ndilo linalobeba mwongozo huu wote. Gari la paa la kukunja halikutengenezwa ili maji yasipenye popote. Limetengenezwa liyapokee, liyaelekeze, kisha liyamwage chini ya bodi. Maji hufuata mkondo, na kazi yako kubwa ni kuulinda mkondo huo. Kuziba kunakuja baadaye, na mara nyingi hakuhitajiki kabisa.

Gari ninalolizungumzia ni Mazda MX-5, lile lililouzwa kwanza Japani kwa jina la Eunos Roadster na baadaye Mazda Roadster. Lilitoka mwaka 1989, na kufikia Aprili 2016 yalikuwa yameshatengenezwa magari milioni 1. Wenye nayo huyataja kwa vizazi: NA hadi 1997, NB kuanzia 1998 hadi 2005, NC hadi 2015, kisha ND. Nitakaa zaidi kwenye NA na NB, maana ndiyo yaliyozeeka na ndiyo yanayolia sana wakati wa masika. Ila ukiwa na gari lingine la paa la kukunja, hata la paa la bati, hatua nyingi hapa zitakufaa.

Jua maji yanapita wapi

Mvua ikipiga turubai, maji hushuka pande tatu. Mbele yanakutana na raba iliyobanwa juu ya kioo cha mbele. Pembeni yanateleza hadi kwenye vioo vya milango, ambavyo havina fremu, na kinachoyazuia ni mguso tu wa kioo na raba. Nyuma ndiko watu wengi wanakokosea: maji yanayoshuka nyuma huteremka katikati ya turubai na bodi, yakaingia kwenye mfereji wa plastiki laini uliofichwa chini ya ukingo wa turubai.

Mfereji huo unazunguka nyuma yote, kutoka nyuma ya mlango mmoja hadi nyuma ya mlango wa pili. Ncha zake mbili zinaishia kwenye matundu yaliyo karibu na minara ya mikanda ya usalama, ile nguzo fupi nyuma ya kila mlango inakotokea mkanda. Kila tundu lina bomba linaloshuka ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma.

Kwa hiyo maji kuwa ndani ya mfereji huo si kasoro. Kasoro ni tundu kuziba. Likiziba, mfereji hujaa, maji hufurika juu ya kapeti nyuma ya siti, na mengine hujipenyeza ndani ya kizingiti, lile sanduku la bati linalopita chini ya mlango. Kizingiti hicho huoza kwa ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Siku unayoona kipele cha kwanza cha kutu mbele ya tairi la nyuma, bati la ndani limeshaliwa zamani. Uingereza, ambako magari haya ni mengi na mvua haikatiki, vizingiti ndivyo vinavyoyaangusha mengi kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Ndiyo maana nasema usiichukulie harufu ya unyevu kama kero ya pua tu.

Hatua ya kwanza: mtambue adui kabla ya kushika spana

Si kila unyevu ni mvua. Jiulize kwanza ni wapi palipolowa, na lini.

Kama palipolowa ni miguuni kwa abiria na hakujanyesha wiki nzima, shuku kiyoyozi. Kikifanya kazi hutoa maji, nayo yana bomba dogo la kutokea chini ya gari. Bomba hilo likiziba kwa vumbi au tope, maji yanarudi ndani. Washa kiyoyozi kwa dakika 20 gari likiwa limesimama. Kama siku ina joto na unyevu lakini hakuna hata kidimbwi kidogo chini, umeshapata jibu. Kama maji ya miguuni yananata na yana harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita, na mwongozo huu hautakusaidia.

Nyuma ya siti pakilowa, nenda moja kwa moja kwenye matundu ya mfereji. Ukingo wa mlango ukilowa pamoja na kapeti lililo karibu nao, angalia vioo na milango. Matone yakidondoka gotini au pajani, kona ya juu ya kioo cha mbele ndiyo ya kuchunguzwa.

Kisha fanya jaribio la maji. Linahitaji watu wawili, mpira wa bustani usio na presha kubwa, tochi na magazeti ya zamani. Tandika magazeti makavu sakafuni, nyuma ya siti na juu ya vizingiti, halafu mmoja akae ndani milango ikiwa imefungwa. Aliye nje aanzie chini kwenda juu: kwanza sehemu ya chini ya mlango, kisha usawa wa kioo, kisha kona ya mbele, na mwisho turubai la nyuma. Kila sehemu ipewe dakika tano kamili kabla ya kuhamia nyingine. Ukianza kwa kumwagia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lililoingia lilipitia wapi. Gazeti la kwanza kubadilika rangi ndilo litakalokwambia. Ila kumbuka kwamba maji husafiri: yanaweza kuingilia kona ya mbele, yakafuata raba, yakaonekana karibu na siti.

Hatua ya pili: fungua matundu ya nyuma

Kama una saa moja tu ya kulishughulikia gari lako mwaka huu, itumie hapa.

Legeza lachi mbili za mbele, vile vibanio vinavyofunga turubai juu ya kioo cha mbele, na uinue turubai nusu, usilikunje lote. Kwenye NA yenye dirisha la plastiki, fungua zipu ya dirisha kwanza. Plastiki ile ikikunjwa kwa nguvu hupasuka. Turubai likilegea, simama nje nyuma ya mlango, sogeza kitambaa karibu na mnara wa mkanda, na umulike chini kwenye kona. Utaona mwisho wa mfereji na tundu lake. Kwa gari ambalo halijawahi kusafishwa, hutaona tundu. Utaona udongo mweusi. Langu lilikuwa limejaa maua ya mjakaranda yaliyooza yakawa kama ugali. Miti hiyo huchanua Arusha na Nairobi kati ya Septemba na Novemba, yaani inamwaga maua yake pale pale vuli inapoanza. Kwa walioko pwani, majani membamba ya mivinje na vijani vya mwarobaini hufanya kazi hiyo hiyo mwaka mzima.

Toa uchafu wa juu kwa vidole au kijiko cha plastiki. Ukiwa na vakyumu yenye mdomo mwembamba, vuta mabaki. Usiyasukume chini, maana yatakwenda kukwama mahali usipoweza kuyafikia.

Sasa bomba lenyewe. Chukua kitu laini kinachopinda, kama uzi mnene wa mashine ya kukatia nyasi, uchome ncha yake kidogo kwa moto wa kiberiti ili iwe ya mviringo, kisha uuingize polepole huku ukiuzungusha. Waya wa hanga usitumie hata kidogo: unatoboa bomba au kulichomoa kwenye kiungio chake, na ukishalichomoa maji yatamwagika ndani ya bodi bila wewe kuona. Upepo wa kompresa wa gereji nao niliukataa kwa sababu hiyo hiyo. Presha ya kujazia tairi ni kubwa mno kwa bomba la mpira lenye zaidi ya miaka 20.

Mimina nusu lita ya maji polepole kwenye tundu, mwenzako akiwa anachungulia chini mbele ya tairi la nyuma. Yanatakiwa yatoke mara moja, kwa mkondo, wala si kwa matone. Yakitoka machafu, endelea hadi yawe meupe. Yakipungua njiani, kwamba umemimina nusu lita na imetoka robo, bomba limechomoka au limepasuka, na hapo itabidi kapeti la nyuma litolewe ili ulione. Rudia upande wa pili. Usiridhike na upande mmoja eti ndio ulikuwa umelowa.

Ukiwa hapo hapo, pitisha vidole kwenye mfereji wote, kuzunguka nyuma. Plastiki yake huzeeka ikapasuka hasa pale inapokunjwa na turubai. Mpasuko mdogo huzibwa kwa utepe wa butili, utepe wa mpira unaonata sana; ukiwa mrefu, mfereji ubadilishwe. Ukiweka turubai jipya, badilisha na mfereji wakati huo huo, kwa sababu kazi ya kuufikia ni ile ile. Kwenye NC kuna kichujio kidogo kwenye njia hiyo ya maji. Nacho kinatolewa, kinaoshwa na kurudishwa.

Chini ya vizingiti pia kuna vitundu vya kutolea maji. Lala chini, vitafute, uvikwangue tope kwa kijiti. Ukiona maji ya kutu yanatoka, mwite fundi wa bodi mapema.

Hatua ya tatu: raba

Raba nyingi zinazoonekana kufa zimekauka tu. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, ukifuata kila mkunjo kwa kitambaa, maana vumbi letu jekundu hujibanza humo na kuinua raba kwenye kioo. Zikauke, kisha paka grisi ya silikoni, safu nyembamba sana, na ufute inayozidi. Ukiikosa kwenye maduka ya vipuri, ulizia kwa wauza vifaa vya mabomba. Mafundi bomba huitumia kwenye raba za maungio. Soma kopo uhakikishe ni silikoni tupu.

Vaselini, dizeli na oili chafu ambavyo mafundi wengi hupaka ili raba ing'ae, vikatae kabisa. Mafuta ya petroli huivimbisha raba ya milango na kuilegeza. Itang'aa mwezi mmoja, halafu haitarudi tena katika umbo lake.

Baada ya hapo pima mbano. Kata ukanda wa gazeti wenye upana wa vidole viwili, uweke kati ya raba na kioo, funga mlango, kisha vuta. Ukanda ukitoka kwa kugoma, pako sawa. Ukiteleza wenyewe, hapo ndipo maji yanapopita. Fanya hivyo kila baada ya sentimeta 10, tangu chini ya kona ya mbele hadi nyuma ya kioo, na uweke alama ya chaki kila panapolegea.

Panapolegea kidogo, hasa ile kona ambapo nguzo ya kioo cha mbele inakutana na turubai, kuna dawa rahisi. Vua raba kwenye reli yake taratibu, weka nyuma yake kipande chembamba cha sponji isiyonyonya maji, kisha uirudishe. Sponji inaisukuma raba mbele milimita moja au mbili, na mara nyingi hizo zinatosha. Raba iliyopasuka, au iliyofupika ikaacha pengo kwenye kiungio, haina dawa zaidi ya kubadilishwa.

Kuhusu ile tyubu ya silikoni ya madirisha: inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayolisha bati kutu, na mahali ilipopakwa rangi mpya haishiki. Kama gari lako limeshapakwa kama langu, ikwangue kwa kipande cha plastiki. Ilinichukua wikiendi nzima, na sijutii hata dakika moja.

Hatua ya nne: lachi na vioo

Lachi za mbele za NA na NB hurekebishwa. Lachi nzuri inafungwa kwa mkono mmoja lakini kwa nguvu. Inayofungwa kwa kidole imelegea. Inayokulazimisha kuning'inia imebana kupita kiasi na inaiponda raba. Rekebisha kidogo kidogo, pande zote mbili kwa kiasi sawa, na urudie jaribio la gazeti kila mara.

Kioo cha mlango kisichogusa raba sawasawa hurekebishwa kwa bolti zilizo ndani ya mlango: zipo zinazoamua urefu wa kupanda kwake, na zipo zinazoamua kinavyolalia ndani. Kabla ya kuzilegeza, piga picha na chora alama kwenye nafasi zake za sasa. Tafadhali usiguse bolti hizi kabla ya kusafisha na kulainisha raba. Nimeona vioo vizuri vikiharibiwa mpangilio kwa sababu ya raba chafu.

Hatua ya tano: ndani ya mlango

Maji huingia ndani ya mlango wa gari lolote kila linaponyesha. Hushuka kupitia ukingo wa kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini ya mlango. Ukisikia chubwi, chubwi unapofunga mlango, vitundu vimeziba. Vikwangue.

Tatizo jingine ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya mlango. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango yasije upande wako. Aliyefunga spika mpya pengine aliichana akaitupa, maana hakujua ina kazi gani. Vua paneli, uikague. Kama haipo, kata nailoni nzito, ibandike kwa utepe wa butili kuzunguka pande zote, na hakikisha ukingo wake wa chini unaingia ndani ya uwazi wa mlango ili maji yadondokee huko. Nafuu yake ni kubwa kuliko gharama yake.

Boneti na buti

Chini ya waipa kuna shimo refu linalokusanya majani, na hapo ndipo hewa ya feni ya ndani inapoingilia. Likijaa, maji hutafuta njia kupitia kwenye feni hadi miguuni kwa abiria. Liweke safi. Kwenye NA za mwanzo kompyuta ya injini iko upande huo chini ya kapeti, kwa hiyo maji hapo si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kwenye buti, kagua gasketi za taa za nyuma, ya taa ya breki ya juu, mguu wa antena, na raba ya mfuniko. Mwenzako akufungie ndani ya buti na tochi mchana, halafu akufungulie; mwanga unaopenya nje au ndani utakuonyesha tundu. Kama huwezi kuenea, weka unga wa chaki kwenye raba, funga, fungua, uone ni wapi chaki haikuhamia. Usiache buti na maji: betri ya NA na NB iko humo, upande wa kulia.

Turubai lenyewe

Turubai linaweza kuwa la vinaili, ile plastiki inayofanana na ngozi, au la kitambaa kilichofumwa. La kitambaa likiwa zima, maji hujikunja juu yake kama shanga. Yakianza kuzama na kuacha doa jeusi, kinga imekwisha. Lioshe kwa mkono, brashi laini na sabuni hafifu, siyo sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huikwangua kinga hiyo. Lisuuze sana, likauke siku nzima, kisha lipulizie dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa vya paa. Za chapa ya 303 na ya Renovo zinajulikana. Vinaili haihitaji dawa hiyo, inahitaji kinga dhidi ya jua, na jua la huku kwetu karibu na ikweta halina huruma.

Kwenye kuosha magari, mwambie kijana mapema kabisa kwamba mashine ya presha isikaribie turubai wala raba. Presha ile hupenya kwenye mishono ambayo mvua ya kawaida isingeweza. Na likilowa, usilikunje turubai kabla halijakauka. Ukungu huanza ndani ya mikunjo.

Kama limeshalowa

Kuanika gari juani milango ikiwa wazi hakutoshi. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji kwa majuma, huku juu pakionekana pakavu. Fungua bolti nne za kila siti, zitoe siti, inua kapeti na uitoe sponji ikauke nje. Ukikuta plagi za njano chini ya siti, hizo ni za mifuko ya hewa: tenganisha betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuzigusa. Sakafu ikishakuwa wazi, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na hakikisha vizibo vya mpira vya sakafuni vimekaa. Kikapu cha mkaa ndani ya gari hupunguza harufu, lakini hakikaushi sponji.

Usilifunike gari kwa nailoni. Unyevu wa ndani unafungiwa humo na jua linaupika. Kifuniko cha kitambaa kinachopumua ni bora, na kivuli cha banda ni bora zaidi.

Mimi matundu ya nyuma nayamiminia maji mwishoni mwa Februari kabla ya masika, mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na mara moja tena Novemba, mijakaranda inapomaliza kupukutika. Chupa ya nusu lita na kipande cha uzi wa kukatia nyasi vinakaa kwenye buti, ndani ya mfuko, pembeni ya jeki.